Clare, Ireland: baa zifunge usiku zaidi, au muziki uanze mapema?

Mleta mada (Ennis)

Wanajamvi mnaoishi Ireland, hasa vijijini, nawaomba maoni. Kisheria baa hapa hufunga saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, na saa tano Jumapili. Rasimu ya mswada iliyochapishwa Oktoba 2022 inataka iwe saa sita na nusu siku zote saba, na kumbi za disko ziruhusiwe hadi saa kumi na mbili asubuhi. Dublin na Galway nawaelewa wakishangilia. Ila kwa kaunti ya Clare naona mswada haugusi panapouma.

Kinachowaleta watu Clare ni kikao cha muziki wa asili. Mpiga fidla, mwenye konsatina (kinanda kidogo cha mkononi) na mwenye filimbi ya bati wanakaa kona ya baa, hakuna jukwaa, na yeyote anayeijua tuni anajiunga. Vikao vingi huanza saa tatu na nusu usiku. Sasa angalieni sheria nyingine: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubaki baa baada ya saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba, isipokuwa kwenye sherehe binafsi. Kwa hiyo msimu wa baridi, muziki unaanza watoto wakiwa wameshatolewa! Willie Clancy, mpigaji maarufu wa mji wa Miltown Malbay hapa Clare, alilelewa na wazazi wanamuziki, na zumari ya uilleann (zumari ya Ireland yenye mfuko wa hewa) aliipenda kwa kumsikia Johnny Doran, mpigaji aliyekuwa akihamahama. Muziki huu hupatikana kwa kukaa karibu na anayeujua.

Hoja yangu: vikao vianze saa kumi na mbili au saa moja jioni, na serikali ishughulikie mabasi ya usiku kabla ya kuongeza saa.

Mchangiaji, Lisdoonvarna

Mkuu, unaongea kama mtu mwenye mshahara wa mwaka mzima. Mimi ni wa hotelini. Mwezi wa Septemba tuna tamasha la kutafuta wachumba, watu wanacheza dansi tangu mchana, na pesa ya mwezi huo ndiyo inayotuvusha baridi. Leo mwenye ukumbi akitaka kupitisha saa za kawaida anaomba kibali maalumu mahakamani na kukilipia usiku kwa usiku. Mswada unaleta kibali cha mwaka mzima. Kwa mfanyakazi kama mimi hizo ni zamu zaidi. Watalii nao wanatoka kwenye majabali ya Moher jioni, wanaoga, wanakula. Saa kumi na mbili utampigia nani fidla?

Mchangiaji, Kilrush

Dada wa Lisdoonvarna, zamu zako nazielewa, ila nani anakurudisha nyumbani? Mimi ni muuguzi, natoka kazini usiku, na barabara za huku ni nyembamba, giza totoro. Tangu 2011 kiwango cha pombe kwa dereva kilishushwa hadi miligramu 50 katika mililita 100 za damu, na tangu 2018 ukikutwa umekipita hata mara ya kwanza unanyang'anywa leseni miezi mitatu. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, nimewapokea majeruhi. Lakini mzee anayeishi maili sita kutoka baa, hana teksi, hana basi, anabaki ndani peke yake. Majaribio ya mabasi ya jioni vijijini yalianza 2018, yapanuliwe. Baa ikifunga saa sita na nusu usiku kijiji kisicho na usafiri, inamsaidia nani?

Mchangiaji, Limerick

Naomba tukumbuke historia. Mwaka 1935 Ireland ilipitisha sheria ya kumbi za dansi: dansi ya hadhara ikahitaji leseni ya mahakama. Mapadri na polisi wakaitumia kuzima hata dansi za majumbani. Clare iliumia sana. Junior Crehan, mpiga fidla wa huko, aliililia desturi ile hadi uzeeni. Bendi za kumbini kama Kilfenora zikapata nafasi, lakini jikoni za watu zikanyamaza. Ndiyo maana mleta mada akisema "vikao vianze saa fulani" nashtuka. Nani atapanga? Mwachie mwenye baa na wapigaji wake.

Mleta mada

Ndugu wa Limerick, sitaki sheria ya kupanga saa za tuni. Nataka mwenye baa aone faida. Kwa kawaida analipa wapigaji wawili au watatu wa kuongoza, wengine wanajiunga bure. Awalipe basi hao hao waanze saa moja mara moja kwa wiki, Januari na Februari, wakati watalii hawapo na baa ni tupu. Julai, wiki ya shule ya muziki yenye jina la Willie Clancy, Miltown Malbay hufundishwa muziki asubuhi na mchana, na mji mdogo wenye watu wapatao 1,000 hufurika watoto wenye fidla mgongoni. Wanaweza Julai, kwa nini isiwe Februari?

Dada wa Lisdoonvarna, kibali chako cha Septemba sikipingi. Ninachokataa ni mbunge kuja Clare na kusema ameuokoa usiku wa vijijini kwa kuongeza saa moja, huku basi la mwisho limeshaondoka. Mnaokutana na madiwani, waulizeni kuhusu basi kwanza. Mimi wa kwangu nimeshamwandikia.