Naomba ushauri: namba za stoo na za uzalishaji hazipatani

Wakubwa shikamoni, wengine habari za kazi.

Nipo kitengo cha takwimu kwenye kiwanda cha sabuni, Dar es Salaam. Bosi anataka kila asubuhi aone kwenye skrini moja katoni zilizozalishwa, malighafi iliyotumika na muda ambao mashine zilisimama. Wazo zuri, shida ni namba zenyewe.

Mauzo yapo Tally (programu ya uhasibu), stoo wana Excel yao, uzalishaji unaandikwa kwa peni kwenye daftari la zamu. Zamu ya usiku ndiyo balaa: inaanza saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, uzalishaji wanaiandika tarehe iliyoanza, stoo tarehe waliyopokea mzigo. Halafu sabuni ileile stoo wanaiita "mche mweupe", Tally ina namba tu.

Nimejaribu Power BI Desktop, programu ya kuunganisha data na kuchora chati, kwa kuwa ni ya bure, nikaunganisha data za mwezi mmoja. Chati zimependeza kweli, ila katoni zinapishana, na msimamizi wa zamu ameshaanza kusema namtafutia kesi.

Naomba kujua: nisimamishe chati kwanza niweke orodha moja ya bidhaa na kanuni moja ya tarehe, au viende pamoja bosi asichoke kusubiri? Na mliohamisha daftari la zamu kwenda kwenye simu, mliwezaje kuwafanya mafundi wajaze palepale mashine inaposimama, badala ya kukisia mwisho wa zamu?

Bajeti ya mfumo mkubwa mwaka huu haipo.