Mjadala: Ruzuku ya mbolea, kwa nini isimfikie anayelaza shamba?

Wadau, heshima kwenu. Tangu msimu wa 2022/23 tunanunua mbolea ya ruzuku. Mwaka ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliuzwa shilingi 70,000, na tulioponea hapo ni wengi, mimi nikiwemo. Ila naona jambo haliko sawa: anayenunua mifuko anasaidiwa, anayelaza robo ya shamba, yaani analipumzisha bila kulilima nyasi ziote, kisha akapanda jamii ya kunde, hapati hata senti.

Natoka Mbinga, kwa Wamatengo wa ngoro. Kwa wasioijua: nyasi za shamba lililolazwa zinafyekwa, zinaachwa zikauke, zinapangwa miraba miraba kwenye mteremko, halafu udongo wa katikati ya mraba unachimbwa kuzifunika. Linabaki shimo la kunasa maji ya mvua, limezungukwa na matuta. Hachomi mtu nyasi. Machi yanatangulia maharage; mahindi yanangoja mvua za Novemba au Desemba. Utotoni nilidhani ni mazoea tu ya wazee. Kumbe nyasi kavu zikianza kuoza, vijidudu vya udongoni vinaila kwanza naitrojeni, chakula cha mimea, na mahindi yaliyowahi hapo yanageuka njano. Maharage yana vinundu mizizini vya kunasa naitrojeni ya hewani, yanajikimu kidogo. Zamu ya mahindi ikifika, nyasi zimeshakuwa mboji.

Siku hizi ngoro zinachimbwa mwaka hadi mwaka pale pale, maana ekari nne za babu zimegawanywa kwa wajukuu. Nyasi zitoke wapi? Tunamwaga urea, udongo unazidi kuwa mchachu, mwakani tunaongeza tena. Naomba sehemu ya ruzuku iende kwa anayelaza shamba: apewe mbegu za mbaazi au marejea (kunde ya kurutubisha udongo tu) na fidia kidogo ya msimu asiovuna. Mnasemaje?

Wa Masasi: Mkuu, mbaazi usituambie sisi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ilianguka hadi wengine wakaziacha shambani. Majani yake yalirutubisha udongo, sikatai, lakini ada ya shule hailipwi kwa majani. Soko kwanza, zunguko la mazao baadaye.

Wa Songea: Kaka, mimi nakodi, msimu mmoja mmoja. Nikilaza shamba la mtu mwaka huu, mwakani atamkodisha mwingine avune rutuba yangu. Na hata lingekuwa langu, mjane akiacha nyasi ziote shemeji anasema limetelekezwa.

Mwanzisha mada: Dada, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inahesabu kupumzisha shamba kuwa ni matumizi ya ardhi.

Wa Songea: Njoo umsomee shemeji.

Bwana shamba, Iringa: Nimewasoma wote. Mwenye mada anasema kweli kuhusu nyasi, ila asiyabebeshe maharage mzigo yasiouweza. Ni mavivu ya kunasa naitrojeni yakilinganishwa na mbaazi au marejea, na nyie mnayang'oa na mizizi, mnayapuria nyumbani, maganda yanaishia jikoni au kwa mbuzi. Shamba limebakiwa na nini hapo? Jingine: hakuna nyasi wala kunde inayotengeneza fosforasi, chakula kingine cha mimea. Kila gunia la mavuno linaloshuka Dar linaondoka nayo, na bila fosforasi hata vinundu havifanyi kazi vizuri. Kwa udongo wetu mchachu wa nyanda za juu, fosfati ya Minjingu, mbolea ya fosforasi inayotokana na mwamba, inafaa, maana uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha. Kwa hiyo mifuko bado tunaihitaji, ila tuchague ya aina gani.

Mwanzisha mada: La maharage nimelipokea, na kwetu ndivyo tunavyofanya, mama yangu anachoma maganda yale kupata magadi ya mboga. La mbaazi pia nimelipokea. Nabadili ombi: badala ya fidia, anayelaza shamba apewe Minjingu na mbegu za marejea. Hizo hazina soko la kuanguka, wala hawezi kuziuza akanywea.

Wa Masasi: Utauza tu hiyo Minjingu. Halafu nani atakagua kwamba umelaza kweli, na siyo kwamba ulizidiwa na palizi?

Wa Manyoni: Na ng'ombe wakiingia kwenye hizo nyasi zenu Septemba, kesi tunapeleka kwa nani? Huku kwetu shamba lenye nyasi ni malisho ya wote.