Fomu bodi inachanika kingo nikikata herufi za programu ya watoto, nakosea wapi?

Mwalimu_Kizota

Bwana asifiwe wapendwa. Tuna programu ya shule ya Jumapili hapa Dodoma wiki tatu zijazo, somo ni Yohana 15, mzabibu na matawi. Nahitaji maneno MZABIBU WA KWELI ukutani, vichala vya zabibu vinene kidogo, na nyota za kuning'iniza. Nimenunua steshenari fomu bodi ya milimita 5, saizi ya A1.

Shida ni tatu. Kingo zinachanika na povu linang'oka, hasa kwenye mizunguko ya herufi B. Bodi niliyopaka rangi imepinda kama ungo. Gundi ya viatu nayo imekula povu, ikaacha shimo. Je, bodi moja inatosha maneno yote? Na waya wa moto, ule unaopashwa kwa umeme ili kukatia povu, unafaa?

FundiMabango_Makole

Asifiwe milele, mwalimu. Kwanza hakikisha una bodi gani, maana madukani jina hilo moja linabeba vitu viwili. Kuna yenye karatasi pande zote mbili na povu la polistirini katikati. Ukibonyeza ukingo kwa kucha inabonyea. Nyingine ni plastiki tupu ya PVC, ngumu, haina karatasi, ndiyo tunayotumia kwenye mabango. Kwa maelezo yako, yako ni ya karatasi. Hiyo ya PVC usiipitishe kwenye waya wa moto hata siku moja, moshi wake una asidi inayounguza koo na mapafu. Inakatwa kwa msumeno mwembamba au kwa kisu, baridi.

Kingo kuchanika, asilimia kubwa ni wembe butu. Povu ni laini mno, kwa hiyo wembe usio na makali unalisukuma badala ya kulikata, ndiyo maana linang'oka. Tumia kile kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunjwa ncha, upana wa mm 9, na uvunje ncha kila baada ya kukata mita 2 au 3. Karatasi ndiyo inayomaliza makali haraka, povu halina shida. Watu wengi wanabana wembe mmoja kwa kazi nzima kisha wanalaumu bodi.

Usikate kwa pigo moja. Mara ya kwanza pita kwa wepesi, ukate karatasi ya juu tu. Mara ya pili ingia kwenye povu. Mara ya tatu malizia karatasi ya chini. Kwenye mstari ulionyooka laza kisu, wembe uwe chini ya nyuzi 45, na rula iwe ya chuma. Ya plastiki inaliwa na wembe na mstari unahama. Kwenye mzunguko wa B fanya kinyume: simamisha kisu, toa ncha fupi tu, na uzungushe bodi huku mkono ukitulia palepale. Chini weka boksi gumu ambalo halijakunjwa. Ukikatia juu ya meza tupu, ncha inagonga na kuvunjika, na karatasi ya chini inachanika badala ya kukatika.

Herufi zenye matundu (A mbili na B mbili, jumla matundu sita) toa matundu kwanza, halafu ndiyo ukate umbo la nje. Ukianza na nje, herufi inabaki nyembamba, haina pa kushikiwa, inavunjika ukiwa unahangaika na tundu. Kwenye kila kona ya tundu toboa kwa pini hadi upande wa pili, kisha kata kutoka tobo hadi tobo. Hapo wembe haupitilizi.

Bodi moja inatosha. A1 ni sm 84.1 kwa 59.4. Fanya herufi ziwe sm 19 urefu na 13 upana, M na W uzipe 19.5. Panga mistari mitatu, na kila mstari uwe na herufi moja pana na nyembamba zisizozidi nne: hiyo ni kama sm 76 pamoja na nafasi ya sm 1 kati ya herufi. Kwenda chini, mistari mitatu inakula sm 59 na nafasi zake, kwa hiyo usipoteze hata nusu sentimita ukingoni. Maneno yako yana herufi 14 na nafasi ziko 15. Usizipange kwa mfuatano wa maneno, zipange zinavyoingia. Herufi zenyewe zichapishe kila moja kwenye A4, bandika juu ya bodi kwa tepu ya karatasi, ukate ukipitia humohumo. Ni safi kuliko kuchora kwa penseli.

Mama_Mapambo_Chang'ombe

Mwalimu, kupinda kunatokana na maji ya rangi. Karatasi ya upande uliopakwa inavimba, ikikauka inajivuta, na upande wa pili hauna cha kuivutana nayo. Kwa hewa kavu ya kwetu kiangazi rangi inakauka upesi, na inajivuta upesi vilevile. Paka bodi nzima KABLA ya kukata, pande zote mbili, rangi ya maji, mikono miwili myembamba (yaani tabaka mbili) kwa sponji. Ya nyuma inaweza kuwa rangi yoyote iliyobaki. Kaushia kivulini, imelala juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Usiianike juani imeegemea ukuta.

Gundi ya viatu, supa gluu, rangi ya mafuta yenye thina, rangi ya kupuliza ya kopo: zote zinayeyusha polistirini. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ubane kwa vitabu usiku mzima. Gundi ya moto inafaa kwa kubandika haraka, lakini chagua bunduki ya gundi ya joto la chini, na kazi iliyobandikwa nayo usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, itaachia.

Umeme_na_Ufundi

Kuhusu waya wa moto: kwa fomu bodi yako haufai, karatasi haiyeyuki, inaungua tu. Kwa vichala vya zabibu ndio wenyewe, ila chukua ile povu nyeupe ya punje inayofungia TV na friji, unene wa sm 2.5.

Waya wa naikromu (aina ya waya unaopata moto ukipitishwa umeme) wa mm 0.3, urefu sm 50, ukilishwa volti 12 unavuta kama ampia 1.5. Adapta ya volti 12, ampia 2 inatosha. Usiufupishe: sm 25 unavuta ampia 3 na adapta itaungua. Usiuunganishe kamwe na umeme wa ukutani moja kwa moja. Mwisho mmoja wa waya funga kwenye springi, kwa sababu ukipata moto unarefuka na kulegea, na mkato unakuwa wa mawimbi. Ukiwa mwekundu ni moto kupita kiasi, utakula povu pana kuliko waya. Ukipinda katikati, unasukuma haraka mno. Fanyia kazi nje au milango wazi, ule moshi si wa kuvutwa.

Duara sawasawa: chukua ubao mwembamba wenye sindano imesimama, choma kipande cha povu juu yake, telezesha hadi sindano ibaki sm 3 kutoka kwenye waya, kisha zungusha taratibu. Duara 15 za sm 6, zikipangwa 5, 4, 3, 2, 1, zinatoa kichala chenye upana wa sm 30. Lainisha kingo kwa msasa namba 120, ziwe za mviringo kama zabibu zenyewe. Punje zitang'ang'ania nguo na mikono kwa sababu ya ukavu wa hewa. Pitisha kitambaa chenye unyevu. Zifagie zote, watoto wadogo wanazitia mdomoni.

Nyota: chora kwa bikari duara la nusu kipenyo sm 20 na lingine ndani la sm 7.6. Weka alama kila nyuzi 36, unganisha nje, ndani, nje, ndani.

Mama_Mapambo_Chang'ombe

Niongeze: nyota uzitundike kwa mshipi wa kuvulia samaki, na pale unapotoboa bandika kipande cha boksi nyuma, la sivyo uzi unapasua povu. Upepo wa madirishani unazigeuzageuza, kwa hiyo paka pande zote. Na kusiwe na mshumaa karibu, povu hili linashika moto haraka.

Mwalimu_Kizota

Mbarikiwe sana. Ile bodi iliyopinda niitupe?

FundiMabango_Makole

Usiitupe. Paka upande wa pili rangi hiyohiyo mkono mmoja, na ikiwa bado na unyevu kidogo ilaze sakafuni kati ya karatasi mbili safi, juu yake weka mbao na matofali mawili hadi kesho yake. Ikibaki na mpindo mdogo, itumie kwa nyota, vipande vidogo havionyeshi.