Pumwani, Nairobi: ilikuwaje wanawake wengi wakawa wenye nyumba?

Binti_Majengo aliuliza:
Ndugu zangu, natumai hamjambo. Ninakusanya maelezo kuhusu mtaa wa Pumwani, hasa ile sehemu kongwe ya Majengo iliyo kati ya Gikomba na Eastleigh. Kila ninapowauliza wazee nyumba fulani ilikuwa ya nani, hutajiwa jina la bibi fulani, mara chache sana la mwanamume. Nairobi ilikuwa mji wa vibarua wa kiume, tena mji ambao Mwafrika hakutakiwa kutulia. Wanawake hao walizipataje nyumba, na jambo hilo liliupa mtaa sura gani?

Msoma_Ramani alijibu:
Dada, jibu linaanza kabla ya Pumwani yenyewe. Reli ilipofika mwaka 1899, Waafrika waliobaki mjini walijijengea vijiji vyao, vikiwemo Pangani, Maskini na Mji wa Mombasa. Wakoloni hawakuvitaka, kwa sababu kwao Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi tu, kisha arudi kwao. Kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi alichovishwa shingoni, kilikuwa na maana hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walipima viwanja Pumwani na kuanza kuwahamishia watu huko, ingawa Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930.

Zingatia masharti ya Pumwani. Baraza la mji lilitoa kiwanja, maji na vyoo vya pamoja, lakini nyumba ulijijengea mwenyewe, na ardhi haikuwa yako hata siku moja. Katika mitaa iliyofuata, kama Ziwani na Kaloleni, baraza ndilo lililojenga na kupangisha. Kwa hiyo Pumwani ilibaki kuwa mahali adimu ambapo Mwafrika mwenye akiba, awe mume au mke, aliweza kuwa na nyumba yake mjini.

Mjukuu_wa_Digo_Road alijibu:
Naomba niendelee hapo kwenye akiba. Mwanamume aliyeajiriwa alipeleka mshahara kwao, ukawa mbuzi, mahari na shamba. Mwanamke aliyekimbia ndoa au aliyefiwa na mume mara nyingi hakuwa na shamba la kurudia, kwa hiyo shilingi yake aliiweka pale alipokuwa. Walipika chakula, walitengeneza pombe, na wengi walifanya umalaya. Ninalisema hili waziwazi kwa heshima yao, kwa sababu kulificha ni kuifuta kazi iliyoujenga mtaa huu. Kufikia miaka ya 1930 na 1940, takriban wawili kati ya kila wenye nyumba watano walikuwa wanawake.

Itazame nyumba yenyewe: kuta za fito na udongo, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vikitazamana kulia na kushoto, na ua nyuma. Paa za zamani zilikuwa za madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa moja juu ya jingine. Bibi alikaa chumba kimoja, vilivyosalia vikaleta kodi ya kila mwezi, na hivyo uzee wake haukumtegemea mtu.

Wengi wao walisilimu. Mkikuyu, Mkamba na Mnandi walikutana msikitini, wakazikana, wakaleana. Asiye na mtoto aliweza kumwachia nyumba binti aliyemlea, badala ya shemeji wa kijijini ambaye hakuwahi kumjulia hali. Nionavyo mimi, udugu huo wa kuchagua, kuliko kabila lolote, ndio uliowafanya watu wa Majengo wajiite Waswahili.

Msoma_Ramani aliongeza:
Umenikumbusha jambo zito. Pangani ilipovunjwa, baadhi ya wenye nyumba wake walipewa nafasi Shauri Moyo, mtaa uliojengwa kwa ajili yao, lakini kwa masharti yaliyowanyima haki ya kurithisha. Hivyo kile ambacho wanawake wa Pangani walikithamini kuliko vyote, yaani kuchagua mrithi, kilikatwa kwa kalamu.

Dada, unapozungumza na wazee wako, usiishie kwenye jina la mwenye nyumba wa kwanza. Uliza pia nyumba ilikwenda kwa nani alipofariki, na mrithi huyo alikuwa nani kwake. Swali hilo litakufikisha mbali kuliko ramani zangu.