Alimentasio ya Nyawera imefungwa: tupeane kumbukumbu

Wana Bukavu, jambo. Mwenye kupita Nyawera wiki hii amejionea: ile alimentasio, duka la vyakula tulilozoea kuita "kwa Papa", imeshusha milango na etajeri za kupangia bidhaa zimeuzwa. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 benki zilifunga, na mtu asiyeshika mshahara wake hanunui jibini. Inaniuma sana. Duka lile lilivuka vita ya 1996, likaporwa Juni 2004, likafungua tena. Tuandike lilikuwa nini kwetu.

Naanza. Mama alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Papa, mwenye duka, alituwekea daftari la deni. Aliandika mwenyewe: sabuni, maziwa ya unga, sukari ya Kiliba wakati kiwanda kilikuwa kinafanya kazi. Deni likiisha anapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, na mtoto aliyeleta pesa anapewa biskwi. Tuligombania kutumwa.

Mama wa Ndendere
Umenikumbusha 2004. Waporaji walibeba mpaka mizani, na madaftari yalitupwa barabarani kwenye mvua. Papa hakuwa tena na ushahidi wa deni la mtu yeyote. Nilienda kumpa pole, nikamkuta amekaa kwenye kreti, na mbele yake mamamama wamepanga foleni, kila mmoja anamtajia deni lake mwenyewe. Na mimi nikataja langu. Hakuna aliyetulazimisha. Watu wakisema Bukavu ni ya wajanja tu, mimi huwa nawapa habari hii.

Mtu wa stoki
Nilifanya kazi pale stoki, kwenye ghala la duka. Tetemeko la 3 Februari 2008 lilikuwa Jumapili, watu wako kanisani. Jumatatu kufungua mlango, tukakuta mafuta ya kupikia, nyanya za kopo na vipande vya chupa sakafuni mpaka chini ya kesi, pale pa kulipia. Hatungeweza kutembea. Tukamwaga juu yake unga wa muhogo ambao mifuko yake ilikuwa imepasuka, tukangoja unyonye mafuta, ndipo tukakwangua kwa koleo. Mwisho wa mwezi Papa alitulipa kamili, hakukata kitu.

Kijana wa Panzi
Keshia alinifundisha kukagua dola! Anainua noti kwenye mwanga, anapitisha kidole pembeni. Ikiwa na mpasuko kidogo, unarudishiwa.

Wa Kadutu
Poleni, lakini duka hilo halikuwa la wote. Sisi wa juu kule tulinunua sokoni Kadutu, kwa kipimo cha kopo. Kwa Papa tuliingia kuangalia jibini za Masisi zilizoshuka na boti kutoka Goma, kisha tunatoka. Hatukuwahi kufukuzwa, hilo nalisema wazi. Ila daftari halikuwa la kila mtu, ulihitaji kujulikana.

Mwanzilishi
Wa Kadutu, kweli kabisa, na vizuri umesema. Mama alijulikana kwa sababu aliwafundisha watoto wa Papa.

Nimeulizia wafanyakazi. Keshia ameweka meza soko la Nyawera, anauza mchele na mafuta, mpitieni. Watu wa stoki bado hawajapata kitu na wana familia. Anayejua depo inayotafuta mtu wa kuaminika, tafadhali aandike hapa.