Unakula nyama, umeacha, au uliacha ukarudi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wapendwa, salaam. Mjadala wa nyama nimeushuhudia mara nyingi ukianza kwa upole na kuishia kwa matusi. Huyu anaitwa muuaji, yule anaambiwa anaikataa riziki. Leo naomba tusihubiriane. Kila mtu aseme yaliyomkuta mwenyewe: unakula, umeacha, umepunguza, uliacha ukarudi, na watu wa nyumbani walilipokeaje. Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta zaidi. Nionavyo mimi, hamu ya nyama huisha. Kinachomshinda mtu ni sufuria moja inayopikiwa watu wengi.

Naanza. Sili nyama ya aina yoyote, samaki nao nimewaacha. Mayai na maziwa natumia. Sababu yangu ni moja: kuchinja siwezi, na nikaona si haki kumpa mwingine kazi ambayo moyo wangu umeikataa. Wapo wanaodhani haya ni mambo ya vijana wa siku hizi. Hapana. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, wanashika kanuni ya kutodhuru kiumbe kwa zaidi ya miaka 2,000. Uingereza walaji mboga walianzisha chama chao mwaka 1847. Gandhi alipokwenda London kusomea sheria aliingia kwenye chama cha walaji mboga, hadi kwenye kamati yake. Mwanzoni alikuwa anashika tu ahadi aliyompa mama yake kwamba hatagusa nyama. Huko London ndiko alikoshawishika mwenyewe.

Kwangu ilikuwa kinyume chake, mama ndiye aliyekuwa mtihani. Hakukasirika, angekasirika ningejua pa kuanzia. Alihuzunika. Maisha yake yote, kunipakulia mnofu mkubwa ndiko kunipenda, na sasa mtoto anarudisha sahani. Aliniuliza kama nimeingia dini nyingine. Aliniuliza kama naumwa na ninamficha. Kisha akaanza kunichotea mchuzi, anatoa vipande kimoja kimoja kwa kijiko, ananiletea: "Haya, nyama nimeitoa." Jamani, hapo ungefanyaje? Mimi nilikula.

Baadaye nikabadili njia. Nikawa nafika mapema, naingia naye jikoni, tunachambua pamoja na kukatakata pamoja, na maharage tunayapika ya kuliwa na kila mtu, yasiwe chakula cha mgonjwa mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichomuuma hakikuwa nyama. Ilimuuma kuona chakula chake hakifai. Siku hizi yeye ndiye anayewatangulia wageni kusema, "Huyu mpakulieni kwenye sufuria ile." Namshukuru sana. Karibuni.

Fundi bucha:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi nimefanya kazi machinjioni, halafu bucha. Nyama nakula, ila kidogo, na nina msimamo: anayekula ajue imetoka wapi.

Watu hawajui kwamba mateso ya mnyama yanaonekana kwenye nyama yenyewe. Ng'ombe akisafirishwa safari ndefu, akashindishwa njaa, akapigwa na kutishwa kabla ya kuchinjwa, ile akiba ya sukari iliyoko kwenye misuli yake inaisha. Akichinjwa katika hali hiyo nyama haipati uchachu unaotakiwa. Inatoka nyeusi, ngumu, inanata mkononi, na inawahi kuharibika. Mnyama aliyepumzishwa, akapewa maji, akakaa mahali patulivu, nyama yake ni nyekundu angavu na inakaa. Kwa hiyo kumtendea mnyama kwa upole si jambo la wenye huruma tu, ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Niligombana na watu kwa ajili ya hilo na nitagombana tena.

Jingine: kama mnyama ametolewa uhai, aliwe wote. Kichwa, utumbo, maini, miguu. Mtu anayetaka mnofu laini tu na vingine vitupwe, huyo ndiye simwelewi. Mwanzisha mada nakuelewa kuliko yeye.

Mwanzisha mada:
Kaka, ahsante. Huu ndio mchango niliokuwa nauomba. Kuna mtu hapa ameiona kazi yenyewe kwa macho.

Mtoto wa mwisho:
Mimi nakula nyama na nitaikula nikiipata. Nimekulia nyumba ambayo nyama ilikuwa ya sikukuu. Tulikuwa walaji mboga bila kuchagua. Siku nyama ikipikwa, baba alikuwa anagawa yeye mwenyewe, mdogo anaanza, na yeye anabaki na mfupa. Kwa hiyo nikisikia mtu ameacha kwa hiari, simchukii, ila naomba aelewe kwamba kuna watu ambao kipande cha nyama kwenye sahani ni ushahidi kwamba wametoka mbali. Mtu huyo ukimwambia nyama ni ukatili, umemvunjia heshima yeye na baba yake.

Mwenye jongo:
Naunga mkono hapo juu, ingawa mimi nimepunguza kwa kulazimishwa na mwili. Nina jongo. Asiyelijua aombe asilijue. Kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, hata shuka likikigusa unapiga kelele. Daktari alinieleza kwamba asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu inaganda kuwa chembechembe kali ndani ya kiungo. Maini, figo, nyama nyekundu, dagaa, na pombe, bia hasa, vinaiongeza. Nilidhani na maharage nitayaacha, kwa sababu nayo yana purini, ile kitu ambayo mwilini hugeuka asidi hiyo, akaniambia nisiogope. Purini za mimea hazijaonekana kuleta mashambulizi kama za nyama.

Nawaambia wenzangu wenye hali hii: kuacha nyama peke yake hakukunitosha. Dawa ya kushusha asidi ndiyo iliyonituliza, chakula kikasaidia. Msije mkatupa vidonge kwa sababu mmesoma kwamba mboga zinaponya kila kitu.

Nyumbani kwangu tatizo lilikuwa ni marafiki. Mke alibadilika siku hiyo hiyo, watoto hawakulalamika. Rafiki zangu, ambao kukutana kwetu ni kuzunguka jiko la nyama na chupa, ndio waliopotea. Hakuna aliyenitenga kwa maneno. Waliacha kunipigia. Hilo linaniuma kuliko kidole.

Mjamzito anayeuliza:
Poleni wote. Naomba msaada. Sijala nyama tangu nikiwa shule, na sasa nina mimba. Kliniki wamesema damu yangu iko chini. Mama mkwe amesema waziwazi kwamba namnyima mjukuu wake damu, na kila siku ananiletea maini. Mume wangu yuko katikati, hasemi kitu. Nilikula maini juzi huku nalia. Kuna aliyepita hapa?

Nesi mstaafu:
Mwanangu, pole. Kwanza usijilaumu. Damu hupungua kwa wajawazito wengi, na walaji nyama wamo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito ameze madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 kwa siku pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Ukiwa umeshapungukiwa, kliniki watakupangia kiwango kikubwa zaidi. Meza, hata kama choo kinakuwa cheusi au tumbo linakusumbua. Waambie, watakubadilishia namna ya kumeza.

Sasa chakula. Chuma cha kwenye nyama mwili unakinyonya kirahisi. Cha kwenye dengu, maharage na mboga za majani kinategemea kimeliwa pamoja na nini. Kamulia limau, au kula chungwa pamoja na mlo, kitaingia zaidi. Chai na kahawa vinakizuia, kwa hiyo usiviteremshie chakula. Acha saa moja ipite.

Ila kuna jambo ambalo wengi wenu mnaokataa nyama mnalipuuza, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona matokeo yake: vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa. Anayekula mayai na maziwa anapata kiasi, vegani, yaani asiyekula chochote kinachotoka kwa mnyama, hapati. Na mwili una akiba yake kwenye ini inayoweza kukaa miaka, ndiyo maana mtu anajisifu kwamba ameacha kila kitu na yuko salama, halafu baadaye sana ganzi inaanza miguuni, anasahau, anachoka. Mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu huenda isirudi. Na mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 anapata shida mapema kuliko mama mwenyewe. Wewe unakula mayai au hapana? Uwaambie kliniki waziwazi kwamba huli nyama, na uulizie B12 kwa jina lake.

Mama mkwe usimkatae kwa mdomo. Nenda naye kliniki siku ya kupima, asikie nesi mwenyewe akieleza. Ameona wanawake wakipoteza maisha kwa kukosa damu, ndiyo maana anahangaika. Hofu yake ni ya kweli.

Mjamzito anayeuliza:
Mayai nakula, maziwa siyapendi. Ahsante sana mama yangu, nitamwomba anisindikize. Sikuwahi kuwaambia kliniki kwamba sili nyama.

Kijana wa mazingira:
Mbona hakuna anayetaja hali ya hewa? Niliacha ng'ombe na mbuzi kwa sababu hiyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zote zinazosababishwa na binadamu. Ng'ombe akicheua anatoa gesi ya methani, na methani inakamata joto mara zaidi ya 25 ya kabonidayoksaidi ukipima kwa miaka 100. Kuku bado nakula, mchango wake ni mdogo sana kulinganisha na ng'ombe. Kwa kweli sielewi mtu anayejua haya anaendeleaje.

Mfugaji:
Kijana, nitakujibu kwa heshima maana umeleta hoja na si kejeli. Hizo takwimu nazijua. Ila mizani yako ina upande mmoja. Karibu theluthi mbili ya ardhi ya kilimo duniani ni malisho, na sehemu kubwa yake ni kavu au ni miamba, huwezi kulima chochote. Binadamu hawezi kula nyasi. Ng'ombe anakula, anatupa maziwa, nyama, ngozi, mbolea. Yule anayefungiwa na kulishwa nafaka ambayo watu wangeila, huyo zungumza, nitakaa upande wako. Yule wangu anayekula nyasi penye mawe, mimi ukiniambia nimwache, niambie kwanza watoto wangu wale nini.

Na mnisikie: sisi ndio tunaowajua wanyama kwa majina. Ng'ombe wangu akiumwa silali. Siku ya kumtoa nanyamaza, sipendi kusemeshwa. Asiyekula nyama asidhani ndiye peke yake mwenye huruma.

Kijana wa mazingira:
Mzee, nimekusoma na nimerudia kusoma. Hoja ya nafaka naikubali kabisa. Methani bado ipo, hata ya anayekula nyasi, lakini nakubali kwamba anayepaswa kuanza kupunguza ni yule anayekula nyama kila mlo, siyo wewe.

Mama wa darasa la pili:
Yangu ni fupi. Mwanangu alimuona kuku aliyekuwa anamlisha akichinjwa. Tangu siku hiyo hataki. Baba yake alitaka alazimishwe, nikakataa. Tulimpa mayai, akaniuliza, "Na hili lina mtoto ndani?" Nikamweleza ukweli, kwamba haya ya dukani hayana, akala. Bado tunabishana mimi na baba yake. Naona mtoto amefikiri jambo zito kuliko umri wake, na sitaki ajifunze kwangu kwamba ukihurumia kitu unapigwa.

Nesi mstaafu:
Mama, umefanya vema. Mtoto akipata mayai, maziwa, maharage au dengu, karanga, mboga na matunda, anakua vizuri. Mpime uzito na urefu kila mara, ukiona umesimama nenda hospitali.

Sufuria mbili:
Mimi ni mume, sili nyama, mke wangu anakula. Kabla ya ndoa tuliahidiana hakuna atakayemgeuza mwenzake. Kilichotufikisha hapa ni kwamba mboga ndiyo inayopikwa nyingi, na nyama ni ya pembeni, anayetaka anaongeza kwenye sahani yake. Mwiko wa nyama hauingii sufuria yangu. Nyama anapika yeye, kuosha sufuria ya nyama naosha mimi, sina kinyaa. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya soseji za mtoto asubuhi. Nilimwonyesha kwamba Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama zilizosindikwa kundi la 1, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mke wangu naye akasoma, akanirekebisha kwa haki: kundi la 1 linasema ushahidi ni wa uhakika kiasi gani, halisemi soseji ni sawa na sigara kwa ukubwa wa madhara. Tukakubaliana soseji zitoke kwenye mlo wa kila siku. Nyama yake ya kawaida sikuigusa kwa maneno, ndivyo tulivyoahidiana.

Mwanzisha mada:
Nimewasoma wote, mengine mara mbili. Mtoto wa mwisho, ulilosema la baba na mfupa limenikaa. Nami baba yangu alikuwa hivyo. Mwenye jongo, kama rafiki zako hawapigi, piga wewe, waite kwako, wapikie. Mjamzito, ukishatoka kliniki na mama mkwe turudie hapa utuambie alisemaje.

Mjamzito anayeuliza:
Tumekwenda leo. Nesi alimweleza, akasikiliza hadi mwisho. Njiani akanunua dengu na malimau. Maini hajaleta. Amesema nikishajifungua salama tutaongea upya, nami nimemkubalia.