Niliomba kishikio kifupi, nikaambiwa nikanunue mashine ndefu

Wakuu, salaam. Naandika mkono ukiwa bado unatetemeka, na safari hii si kwa sababu ya mashine. Yule bwana wa kona, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna mchonga vyuma wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, asiyewahi kutoka dukani kwake na risiti mkononi na uchungu moyoni, leo amenidhalilisha mbele ya wateja. Nilimrudishia kishikio cha koleti, ile pete yenye mipasuo inayobana kikatio, alichoniuzia kwa ajili ya mashine yangu ndogo ya milingi, ya kuchonga chuma kwa kikatio kinachozunguka, nikamweleza kwa adabu zote kwamba niliomba kifupi na yeye alinipa kirefu. Alikipokea, akakisimamisha kaunta juu ya nati yake, kando ya chupa ya soda aliyokuwa akinywa, akainama, akafumba jicho moja kama mpima ardhi, kisha akatamka: "Ni kweli, kirefu. Basi nenda ukanunue mashine ndefu."

Nenda ukanunue mashine ndefu! Kijana wake, aliyekuwa akimpimia mteja bomba la shaba, alicheka mpaka futi ikamponyoka.

Sasa nawauliza wenye akili timamu. Mashine yangu, kutoka mdomo wa spindo, yaani mhimili unaozungusha kikatio, hadi mezani, ina milimita 280 na si zaidi. Jiliwa la kubania kazi pamoja na vipande vya kuinulia kazi vinakula 60, na bonge la chuma ninalotoboa lina kimo cha 60, kwa hiyo zinabaki 160. Kishikio cha yule bwana, kikishaingia kwenye tepa ya Morse namba 3, yaani tundu la spindo linalosinyaa kuelekea ndani, kinaning'inia nje milimita 75 pamoja na nati. Zinabaki 85. Biti ya milimita 12 ina urefu wa 151, na hata nikiizamisha 40 ndani ya koleti, 111 zinabaki nje. Mnataka nitoboe kutoka chumba cha jirani? Na hapo sijazungumzia mtetemo, maana kila fundi anajua kwamba kikatio kilekile ukikiachia urefu maradufu nje ya mshiko, kinapinda mara nane kwa nguvu ileile.

Yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikamwekea mbele ya macho. Karatasi hakuitazama, aliitazama chupa. Halafu ndipo likaja lile la mashine ndefu. Ningeweza kumsamehe bei, ningeweza kusamehe hata kunyimwa fedha zangu, lakini kule kuinama na kufumba jicho sitakusahau hadi nazikwa, na nikizikwa naomba kaburi lipimwe na mtu mwingine.

Mkereza Mkongwe: Pole sana, ndugu mleta uzi. Hata hivyo naomba kufahamu, kishikio chenyewe ni ER ngapi, yaani kinachukua koleti za saizi gani? Nati yake ina kipenyo gani?

Mleta uzi: Ni ER32, mzee wangu, na nati yake ina milimita 50. Mimi nilitaja ER20 kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akanijibu kwamba "hizo zote ni sawa, hii ni kubwa tu."

Mkereza Mkongwe: Haziwezi kuwa sawa. Vipimo vya koleti za ER vimewekwa wazi kwenye kiwango cha Kijerumani cha DIN 6499. ER20 inashika hadi milimita 13 na nati yake ya kawaida ina kipenyo cha 34, wakati ER32 inafika milimita 20. Mashine yenye mota ya wati 350 haina kazi yoyote na kikatio cha milimita 20, isipokuwa kama unataka kukitumia kukandamizia makaratasi. Kwa mashine ndogo, ER20 inatosha kabisa, na mwili wake mwembamba unapita kando ya jiliwa bila kugonga.

Shavu la Nati: Mimi nina swali moja tu la kitaalamu. Kati ya kishikio na chupa ya soda, kipi kilikuwa kirefu? Hatuwezi kutoa hukumu bila vipimo.

Mleta uzi: Kishikio kilifika mabegani pa chupa. Umeridhika?

Shavu la Nati: Nimeridhika. Muuzaji yuko sahihi, nenda ukanunue mashine ndefu.

Fundi Tepa: Wakuu, tuache mzaha. Mtu anayetaka ufupi wa kweli hahitaji kishikio chochote cha ER. Anunue koleti za Morse namba 3 zinazoingia moja kwa moja kwenye spindo na kuvutwa na bolti ndefu inayopita ndani ya spindo kutoka juu. Kikatio kinakaa karibu na mdomo wa spindo, na zile milimita 75 karibu zote zinarudi mezani. Kasoro yake ni kwamba kila kipenyo kinadai koleti yake, ilhali koleti moja ya ER20 inabana vipenyo vinavyotofautiana hadi milimita nzima.

Mama Vyuma: Fundi Tepa, umesahau kasoro kubwa zaidi. Tepa ya Morse inajing'ang'aniza yenyewe, na kila unapobadilisha koleti lazima ulegeze bolti na kuigonga kichwani. Mwanafunzi wangu aliigonga kwa nyundo ya mawe, akidhani anavunja kokoto, na tangu siku hiyo beringi za spindo zinalia usiku na mchana. Hilo ndilo lalamiko linalostahili uzi wake. Kuambiwa neno dukani si msiba.

Bwana R8: Ndiyo maana sisi wenye spindo ya R8, ile iliyotoka kwenye mashine za Bridgeport za Marekani, tunalala usingizi. Pembe ya tepa yake ni pana, ukilegeza bolti na kuigusa kidogo inaachia.

Mama Vyuma: Hakuna aliyekuuliza, Bwana R8. Kila uzi lazima utueleze kuhusu spindo yako.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye hoja. Huyu mtu aliinama na kufumba jicho.

Kijana wa Karakana: Mkuu, una bahati kwamba chako kiliingia kwenye spindo. Mimi huyohuyo bwana aliniuzia kishikio cha Morse namba 3 chenye meno ya inchi 3/8 nyuma, wakati bolti ya mashine yangu ni M12, yaani ya milimita 12. Nilipolalamika aliniambia nizungushie utepe wa bomba. Utepe wa bomba, wakuu, kwenye kitu kinachozunguka mara elfu kwa dakika juu ya vidole vyangu!

Mkereza Mkongwe: Hilo sasa ni hatari ya kweli. Bolti isiposhika, kikatio kinaweza kuchomoka pamoja na kishikio. Ni kosa la aina moja na lile la watu wanaobana endimili, yaani kikatio cha milingi, kwenye chaki ya kutobolea, kile kibanio cha biti, ambayo nguvu ya pembeni huing'oa kutoka kwenye tepa yake.

Shavu la Nati: Mimi hubana endimili kwenye chaki ya kutobolea na niko hai.

Mkereza Mkongwe: Kazi zako tumeziona. Hatukutaka kusema.

Mleta uzi: Jamani, na kijana wake alicheka.

Kijana wa Karakana: Kuna anayejua mahali pa kupata bolti ya M12 iliyo ndefu kiasi cha kupita spindo yote? Nataka niachane na meno ya inchi moja kwa moja.

Fundi Tepa: Kata kipande cha fito yenye meno ya M12, ya daraja la nguvu la 8.8 na si ile laini ya kuningʼinizia mabomba, kisha chomelea nati juu na uikereze iwe mraba sawasawa na spana yako. Pima kina kwanza: fito isipofika ndani ya kishikio angalau kwa urefu wa kipenyo chake, usiwashe mashine.

Bwana R8: Kwenye R8 bolti ni ya inchi 7/16, meno 20 kwa inchi.

Mama Vyuma: Bwana R8!